UZI: Oili ya 2T kwa kwadi za mchangani, angalia kwanza injini yako inapoozwaje

Bwana Silinda (mleta uzi)

Asalaam alaykum wadau, na habari za muda huu kwa wote. Naufungua uzi huu kwa sababu kila msimu wa baridi ukiingia hapa Oman, vijana wanatoa kwadi zao (pikipiki za magurudumu manne) stoo wanazipeleka Bausher, wengine wanafika mpaka Bidiyah kwenye mchanga wa Sharqiyah, na swali linakuwa lile lile, oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) si ni oili ya 2T tu, kwani kuna tofauti gani. Ipo tofauti jamani tena kubwa, na wanaoijua ni wachache, wengi wananunua chupa iliyo karibu au ile rahisi au ile yenye rangi nzuri.

Kwanza tujue tunaongelea mashine gani. 2T nyingi zilizobaki mikononi mwa watu huku ni Yamaha, Blaster na Banshee. Blaster ni silinda moja, cc 195, haina rejeta, inapoozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda basi. Banshee ni silinda mbili, cc 347, yenyewe ina maji na rejeta. Marekani zote mbili ziliishia modeli ya 2006 sheria za moshi zilipobana. Maana yake uliyonayo wewe ni ya zamani, imeshapita mikononi mwa watu, silinda huenda imeshatanuliwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi (oversaizi) mara moja au mbili, kwa hiyo haina nafasi ya kuvumilia uzembe.

Sasa injini ya 2T haina oili iliyokaa chini kama ya gari. Oili inaingia pamoja na petroli, inapita chumba cha krenki, inalainisha beringi za krenki na ya konrodi, inapanda juu kwenye pistoni na ukuta wa silinda halafu inaungua na kutokea eksozi. Kwa hiyo oili hiyo hiyo tunaidai ilainishe penye joto kali, na papo hapo tunaidai iungue vizuri isiache masizi wala majivu. Ngapi zinaweza yote mawili? Inategemea joto lenyewe, na hapo ndipo oili za 2T zinapogawanyika.

Huku kwetu oili ya 2T inayopatikana kirahisi kuliko zote ni ya mashine za boti, kwa sababu wavuvi wapo pwani nzima, Seeb, Barka, Sur, kote utaikuta. Chupa yake imeandikwa TC-W3. Kiwango hicho ni cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, na majaribio yake mengi yanafanywa kwenye injini za boti. Mashine ya boti inavuta maji ya bahari na kuyatema muda wote inapotembea, kwa hiyo pistoni yake haipati joto kubwa hata ukiivuta mafuta mpaka mwisho. Ndio maana TC-W3 haitiwi zile dawa za kusafisha zenye madini kama kalisiamu, maana kwenye injini isiyo na joto zingeacha majivu kwenye plagi na kichwani kwa pistoni. Ina dawa nyingine ya kusafisha isiyo na majivu kabisa, na kwa boti ni oili nzuri sana, hilo naomba lieleweke, siisemi vibaya.

Lakini ichukue uitie kwenye Blaster, juu ya kilima cha mchanga laini, gia ya pili, mafuta yamevutwa yote, mwendo mdogo na upepo hakuna. Kichwa cha silinda hapo kinapita nyuzi 150 bila shida. Ile dawa isiyo na majivu joto hilo hailiwezi, oili inageuka gundi kwenye mfereji wa ringi, ringi inaganda, moto unapita pembeni ya pistoni na kuikausha ile oili kidogo iliyobaki ukutani, pistoni inakamata. Mwenye kwadi anasema injini ya kichina, spea feki, petroli mbaya, kumbe alitia oili ya kitu kingine.

Kwa injini ya upepo tafuta JASO. Ni kiwango cha Wajapani, na ukitaka kujua kwa nini nakipenda, angalia wanapimia nini. Ulainishaji na usafi wa pistoni wanapima kwenye kiinjini cha skuta ya Honda Dio kinachopoozwa na upepo, moshi na kuziba kwa eksozi wanapima kwenye jenereta ya Suzuki. Kila oili inalinganishwa na oili moja ya rejea iliyopewa alama 100. Madaraja yake ni FB, FC na FD. Kwenye usafi wa pistoni FB inatakiwa ifike 85, FC 95, FD 125. Kwenye moshi FB inatakiwa 45 tu, FC na FD 85. Ukisoma hapo utaona FC na FD zinalingana kwenye moshi, tofauti yao ni usafi wakati wa joto, na ndicho tunachokitafuta mchangani. Kwenye chupa nyingine utakuta ISO-L-EGD, ni ndugu ya FD, chukua bila wasiwasi. API TC peke yake ni kiwango cha zamani, sio kibaya lakini usiishie hapo kama una uwezo wa kupata FD.

Kwa hiyo msimamo wangu ni Blaster itiwe JASO FD, na Banshee pia FD au oili ya mashindano yenye esta (aina ya oili ya sintetiki), maana japo ina maji, maji ya rejeta yanazunguka humo humo na yanachemka vizuri tu, si sawa na bahari. Karibuni kwa maswali, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

---

Kijana wa Seeb

Ahsante kwa uzi sheikh, ila mie nina la kusema. Ami yangu ana Banshee anatia oili ya boti tokea nipo skuli ya msingi na haijawahi kukamata, inawaka kiki ya kwanza au ya pili. Na kwenye mitandao ya Wamarekani nimeona wapo wengi wanatia TC-W3 kwenye kwadi zao na wanaisifu. Sasa hao wote wamebahatika?

---

Bwana Silinda

Swali zuri kijana wangu na sitaki kukujibu kwa mkato. Hawakubahatika. TC-W3 inalainisha, sio maji. Banshee yenye rejeta nzima, anayeendesha mtu mzima asubuhi, anatembea tambarare anavuta mafuta na kuachia, injini hiyo inakaa karibu na joto ambalo TC-W3 inaliweza. Na wengi wao wanachanganya nzito, 24:1 au 32:1, yaani petroli 24 au 32 kwa oili 1, oili inakuwa nyingi.

Mpe kwadi hiyo hiyo kijana wa miaka 20 saa 8 mchana apande nayo vilima mfululizo, hapo mambo yanabadilika. Na oili mbaya haiui siku moja, ringi inaganda pole pole, kwanza nguvu zinapungua, kiki inakuwa nyepesi, halafu siku moja ya joto inakamata na watu wanalaumu lile tukio la siku ile. Mwambie ami yako akifungua silinda mara nyingine abonyeze ringi kwa kidole ndani ya mfereji wake. Ikiingia na kurudi yenyewe vizuri, oili inafanya kazi yake. Ikiwa inasita au upande mmoja haurudi kabisa, jibu amelipata na hana haja ya kuniamini mimi.

---

Nahodha wa Nungwi

Nakusoma kutoka Unguja mkuu. Huku tatizo limegeuka kichwa chini miguu juu. Mashine zetu nyingi ni Yamaha Enduro 40 na 15, na watu wananunua zile oili za 2T za pikipiki na vespa za kupima kwa chupa ya maji kwa sababu ni rahisi. Wengine wanatia SAE 40 ya gari kabisa. Plagi zinakufa kila mara, hasa ukiwa unakwenda mdogo mdogo kuburuta mshipi. Nilikuwa najua ni plagi mbovu.

---

Bwana Silinda

Nahodha umeleta kitu muhimu sana na nashukuru, maana watu wanaweza kusoma uzi huu wakadhani FD ndio bora kuliko zote kwa kila kitu, sio hivyo hata kidogo.

Kwenye mashine yako ya boti wewe ndio unatakiwa utie TC-W3 na sio nyingine. Ile oili ya pikipiki ina yale madini niliyosema, kwenye pikipiki yenye joto yanafanya kazi, kwenye mashine yako inayopoozwa na bahari yanabaki majivu. Ukitembea mdogo mdogo injini ndio inazidi kuwa baridi, plagi inashika uji wa kijivu na inaacha kurusha moto. Mbaya zaidi yale majivu yakijijenga juu ya pistoni, siku ukivuta mafuta kukimbia upepo yanakuwa kaa la moto, yanawasha mchanganyiko kabla ya plagi, pistoni inatoboka katikati. Uko maili kadhaa nje, hapo hakuna fundi.

SAE 40 ya gari ndio kabisa msiiguse, imetengenezwa isiungue, nyinyi mnaichoma.

Kwenye chupa ya TC-W3 iliyosajiliwa kweli utakuta namba inayoanza na RL. Yamalube 2M ni mojawapo ya TC-W3 na Yamaha wenyewe ndio wanaiuza kwa ajili ya mashine hizo. Mchanganyiko 50:1, mashine mpya unaanza na 25:1 kwa masaa 10 ya mwanzo halafu unahamia 50:1. Na ukiwa unaburuta mshipi muda mrefu, kila baada ya muda ivute mafuta kidogo ijisafishe.

---

Dada wa Mawaleh

Mie nina swali la vipimo maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Mume wangu na watoto wana Banshee moja na Blaster moja, na oili wanamimina kwa macho, kifuniko kimoja, viwili, na kauli yao ni "oili ikizidi haidhuru". Ni kweli haidhuru? Na ratio sahihi ni ipi?

---

Bwana Silinda

Dada yangu hiyo kauli ndiyo inayoua injini kwa siri, nitakueleza taratibu.

Kabureta inapitisha kiasi fulani cha mchanganyiko, haijui ndani yake kuna petroli ngapi na oili ngapi. Ukichanganya 50:1, kwenye lita moja ya mchanganyiko unapata petroli mililita 980. Ukichanganya 20:1 unapata 952. Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli, ni ile ile, kwa hiyo umeipunguzia injini petroli karibu asilimia 3. Petroli ikipungua moto unakuwa mkali na joto linapanda. Kwa hiyo mtu anaongeza oili akidhani anaipooza injini, kumbe kwa upande wa petroli anaikausha. Simaanishi oili nyingi ni mbaya, wapo wanaokimbia mashindano na 20:1 na injini zinakaa vizuri, lakini wameweka jeti ya kufanana na ratio hiyo. Ubaya ni kubadilisha badilisha, leo 50, kesho 25, keshokutwa kwa macho, jeti haijui ikufuate wapi.

Banshee kitabu chake kinasema 24:1. Wengi siku hizi wakitumia oili nzuri ya sintetiki wanakwenda 32:1 na wanapima jeti upya. Mimi kwa mchanga wetu na joto letu sioni sababu ya kutia oili pungufu ya ile ya 32:1, na Banshee ambayo jeti zake hazijaguswa naiacha kwenye 24:1 ya kitabu. Blaster ilitoka kiwandani na pampu ya Autolube inayojipimia oili yenyewe kutoka kwenye tangi lake. Wengi wameing'oa. Kama ya kwenu imeng'olewa changanyeni 32:1, kama ipo na nzima iacheni, ila mhakikishe tangi la oili halikauki.

Sasa kupima. Galoni la lita 10 la petroli kwa 24:1 linataka oili mililita 417, kwa 32:1 mililita 312, kwa 50:1 mililita 200. Nenda duka la dawa za mifugo ukanunue bomba kubwa la sindano la mililita 60 au 100, ni rahisi na linapima sawasawa. Petroli nusu kwanza, oili yote, funga utikise, halafu malizia petroli utikise tena. Andika kwa kalamu nzito kwenye galoni ratio na tarehe. Na galoni la Banshee lisikae pamoja na la Blaster kama ratio ni mbili tofauti, watoto wataokota lolote.

---

Mkulima wa Mufindi

Wakuu salaam kutoka nyanda za juu kusini. Sina kwadi wala boti ila nina Yamaha AG100, ile ya mabwana shamba, imepita miradi mpaka ikanifikia. Nayo ni 2T na ina tangi lake la oili pembeni. Natia oili ya 2T yoyote ninayoikuta mjini. Moshi wake sasa majirani wanalalamika. Nitafute hiyo FD?

---

Bwana Silinda

Mkuu AG100 ni mashine ya heshima, itunze. Kwa matumizi yako ya shamba, mwendo mdogo na hali ya hewa ya Mufindi ilivyo baridi, FC inakutosha kabisa, moshi wake ni sawa na FD. Moshi mwingi kwenye oili za kupima una sababu, mara nyingi ni FB au chini ya hapo, oili nzito ya madini isiyoungua vizuri. Kwenye FC na FD kuna kitu kinaitwa polibuteni, kinaungua chote bila moshi mwingi, ndio maana alama inaruka kutoka 45 mpaka 85.

Lakini usilaumu oili kabla hujaangalia mawili. La kwanza eksozi, ing'oe uangalie tundu la silinda linapotokea moshi, kama masizi yamelifanya kuwa nusu yakwangue kwa kijiti cha mti mgumu, pistoni ikiwa imeshuka chini, usitumie bisibisi. La pili sili ya krenki upande wa klachi. Ikichoka, injini inanyonya oili ya gia kutoka ndani na kuichoma, moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, na oili ya gia inapungua bila kuona inavuja wapi. Hapo hata uitie oili ya dhahabu moshi uko pale pale.

Kingine, kwa sababu una Autolube, usitie oili nzito za mashindano zilizoandikwa za kuchanganya tu, pampu haitazisukuma vizuri hasa asubuhi ya baridi kwenu huko. Na tangi likikauka hata mara moja, ukijaza usiondoke tu. Fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu mpaka oili itoke bila povu, ifunge, halafu tangi la petroli la kwanza changanya 50:1 mpaka uone mrija hauna hewa.

---

Mzee wa Spea Mombasa

Niongeze mawili hapo fundi akiniruhusu. La kwanza chupa. Kuandika "inafaa JASO FD" kila mtu anaweza. Oili iliyosajiliwa ina kile kiboksi kidogo, ndani yake namba ya usajili juu na herufi FC au FD chini, pamoja na M345 ambayo ni namba ya kiwango chenyewe cha JASO. Kama hakuna kiboksi uliza maswali. Kama sili ya kifuniko imeguswa au lebo imebandikwa juu ya lebo, rudisha pale pale dukani. Oili ya kupimiwa kutoka pipa mimi siwauzii wateja wa mashine za gharama, hata wakinibembeleza, maana sijui nani alitia nini kwenye pipa lile.

La pili rangi. Bluu, nyekundu, kijani, hiyo ni dawa ya rangi tu ili ujue petroli imeshachanganywa. Nimeshaona mtu akikataa FD kwa sababu ni nyekundu na yeye amezoea ya kijani.

Na mafuta ya nyonyo mbona hujayataja? Wazee wa mbio walikuwa wanayapenda sana.

---

Bwana Silinda

Mzee umenena yote. Mafuta ya nyonyo nimeyaacha nyuma makusudi. Yanashika chuma kwenye joto kuliko karibu kitu chochote, na kitabu cha Banshee chenyewe kinaitaja Castrol R30 ambayo ni ya nyonyo. Lakini yanaacha vanishi ya kahawia ngumu, yanataka injini ifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, hayakubali kukaa kwenye petroli muda mrefu, na hayachanganyiki na oili ya madini. Mtu wa mashindano anayefungua silinda kila baada ya mbio, sawa. Baba anayetoa kwadi Ijumaa kwa Ijumaa, hapana.

Hilo la kutochanganyika lishikeni hata kwa oili za kawaida. Ukihama oili, mwaga tangi na kabureta kwanza. Ukilazimika kuchanganya mbili ukiwa porini, tia kidogo kidogo kwenye chupa ya kioo, tikisa, iache usiku mzima. Asubuhi ukiona tabaka mbili au kitu kama ute, usitie.

---

Kijana wa Seeb

Sheikh narudi. Tumefungua ile Banshee ya ami leo, ringi za silinda ya kushoto zinasita kweli, upande wa eksozi hazirudi. Lakini silinda ya kulia pistoni yake ina kitu kingine, upande wa nyuma kule kabureta iko imefifia, kijivu kisichong'aa, kama imepigwa msasa, na mistari ya wima mingi midogo. Hiyo nayo ni oili?

---

Bwana Silinda

Hiyo ya kulia sio oili kijana wangu, huo ni mchanga, na naomba kila mwenye kwadi asome hapa.

Pistoni inaongea ukijua kuisoma. Mchubuko upande wa eksozi peke yake ni joto, aidha petroli kidogo au oili isiyoweza joto. Michubuko minne kwenye kona nne ni mtu aliyewasha na kuvuta mafuta injini ikiwa baridi, pistoni imetanuka kabla ya silinda. Mchubuko pande zote na konrodi imegeuka bluu chini kule kwenye beringi, hapo oili haikufika kabisa, ama mtu alisahau kuchanganya. Na kijivu cha msasa upande wa kuingilia ndio hicho ulichonacho, vumbi linapita kwenye filta.

Filta ya sponji bila oili yake maalumu ya kunata haizuii mchanga wa Sharqiyah, ule ni laini kama unga. Kagua na mpira unaounganisha boksi la filta na kabureta, ukiwa umepasuka au klempu imelegea silinda moja inaweza kuvuta zaidi ya nyingine. Pakaa grisi kidogo ndani ya mpira baada ya filta, ukikuta mchanga umenata hapo kwenye grisi baada ya safari ujue unapita. Hakuna oili ya 2T duniani itakayoilinda silinda inayokula mchanga.

Ya kushoto sasa, ringi mpya, safisha mifereji kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, pima silinda kama bado iko ndani ya kipimo, na uhamie FD. Mpime ami kwa adabu, usimwambie nilikwambia, mwoneshe ringi tu.

---

Dada wa Mawaleh

Fundi nimewaonesha wahusika na bomba la sindano limeshanunuliwa. Wanauliza wachukue chupa gani hasa, maana dukani ziko nyingi wanachanganyikiwa.

---

Bwana Silinda

Ahsante dada. Sipendi kufunga watu kwenye jina moja ila nitataja ninazozijua. Motul 710 2T ni FD, unaweza kuitia kwenye pampu ya Blaster au kuichanganya mwenyewe, kwa hiyo chupa moja inatosha kwadi zote mbili. Castrol Power 1 Racing 2T nayo ni FD. Motul 800 ya Off Road ni ya kuchanganya tu, nzuri kwa Banshee inayopigwa vilima sana, isiingie kwenye tangi la Autolube. Mkiikuta nyingine yoyote yenye kile kiboksi alichosema mzee wa Mombasa chenye FD, chukueni hiyo hiyo.

Na msisahau oili ya gia, ni kitu kingine kabisa na haichanganywi na petroli. Hizo kwadi klachi yake inaogelea kwenye oili, tieni 10W-30 ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA. Zile za gari za kupunguza matumizi ya mafuta zina dawa ya utelezi, klachi itaanza kuteleza ukipanda kilima.

---

Nahodha wa Nungwi

Mkuu la mwisho kwangu. Mchanganyiko uliobaki nitautunza muda gani? Kusi ikichafuka tunakaa hata mwezi hatutoki.

---

Bwana Silinda

Nahodha, petroli ndio inayokufa kwanza, ile sehemu nyepesi inayowasha injini inaruka na inachobaki kinakuwa kizito na oili inazidi kwa uwiano. Galoni likijaa mpaka juu, limefungwa vizuri, limekaa kivulini, mwezi mmoja sina wasiwasi nalo. Galoni nusu lenye hewa nyingi na jua linapiga, hata wiki chache naona nyingi. Kabla ya kuweka mashine chomoa mrija wa mafuta uiache iwake mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta isibaki na kitu ndani, vinginevyo petroli itakauka na kuacha oili inayoziba jeti. Ulichobaki nacho ukikitilia shaka changanya na mara mbili yake ya mchanganyiko mpya wenye ratio ile ile ukitumie karibu na pwani, usiende nacho mkondoni.